Namba Isiyo na Kwao

Hita ya nyumba ya Bernardine iliacha kufanya kazi Jumatatu moja ya Januari 2014, akiwa jikoni anachambua ndagala juu ya gazeti. Aliigusa kwa kiganja, akaikuta baridi, akavaa koti la pili juu ya lile la kwanza na kumaliza samaki wake. Halafu akashuka ngazi kwenda ofisi ya kampuni ya majengo, ambako mama mmoja aitwaye Lynette alizoea kumpa peremende na kumsikiliza hadi mwisho, hata siku ambazo hawakuelewana neno.

Ofisi ilikuwa imefungwa. Dawati la Lynette halikuwepo, na bakuli la peremende pia halikuwepo. Mlangoni walikuwa wamebandika namba ya simu.

Bernardine aliisoma mara mbili. Alizijua namba za New Hope, mji anaokaa huku Marekani, zinavyoanza, na za Minneapolis, na za Saint Paul. Hii haikuanza kama hizo, wala kama za mji mwingine wowote. Hakuona ubaya. Yeye mwenyewe alikuwa ameishi miaka mingi bila mji.

Alirudi juu akakaa kwenye kiti karibu na simu ya mezani, akapiga. Mashine ikamwambia abonyeze nane kwa Kiswahili, naye akabonyeza.

"Simu yako ni muhimu kwetu," ilisema sauti ya mwanamke, Kiswahili safi, cha kitabu.

Bernardine alilelewa Uvira, na kwao mtu haanzi na shida kabla ya salamu. Mwenzake alikuwa amekwisha kutaja jina lake na kutaja kwao, kwa hiyo ilibaki zamu yake.

"Asante, Muhimu," alisema. "Mimi Bernardine, mama Anicet. Watoto wameamkaje? Mzee wako ni mzima? Na kwenu huko ni wapi?"

Ukaja muziki wa vinanda. Bernardine alisubiri, kwa kuwa mtu aliyeulizwa habari za nyumba yake hakatizwi. Baadaye sauti ikarudi ikasema tena kwamba simu yake ni muhimu kwetu. Bernardine akauliza tena, polepole, kwenu ni wapi. Hivyo ndivyo walivyoendelea mpaka kukawa giza. Habari ya hita haikufikiwa siku hiyo. Aliona aibu kumwingilia mtu na shida zake wakati hata salamu hazijajibiwa.

Alipiga tena kesho yake, na siku zilizofuata.

Bili ya simu ilipofika, Maombi aliisoma akiwa amesimama, bado amevaa sare ya hoteli anayofanyia kazi Bloomington. Binti huyu ndiye mtoto pekee aliyebaki na Bernardine. Alisoma mpaka chini, akavua kofia.

"Mama, uliongea na nani hivi?"

"Na Muhimu. Wa kampuni ya nyumba."

"Mama, hiyo ni machine! Na hiyo namba haimo kwenye bei ya kila mwezi. Haina mji, kwa hiyo wanakata kila dakika. Hata ule muziki wanakata."

"Muziki sikuuomba mimi."

"Wanakata tu." Maombi alikaa. "Tuitoe hii simu. Kila mtu leo ana simu ya mkono. Tusipolipa wataikata wenyewe, na tukilipa hatuna ya kula."

Bernardine aliivuta simu karibu naye, na Maombi akajua amesema nini, akamshika mama yake mkono. Siku watu walipokimbia Uvira, Anicet, kaka yake Maombi, alipotea barabarani, kijana wa shule, na begi la dada yake mgongoni. Tangu walipofika Minnesota, Bernardine alikuwa ameiacha namba ya simu hii kwa kila mtu aliyekuwa anarudi upande ule: kwa mchungaji wa Bujumbura, kwa muuza mboga wa kambi ya wakimbizi, kwa nesi mmoja ambaye aliiimba mpaka akaishika. Namba ile ilikuwa inatembea huko peke yake. Kama Anicet yu hai, siku moja ingemfikia. Ikikatwa, angepiga na kuikuta imekufa, na asingekuwa na nyingine ya kujaribu.

Philister, jirani Mkenya anayehudumia wazee katika nyumba ya kulelea, alileta hita ndogo ya umeme aliyoitoa chumbani kwake mwenyewe. Alisema haihitaji, ana joto jingi, ni mnene. Aliichukua bili, akaisoma, akacheka kwa hasira.

"Mama Maombi, hawa watu ni wezi wa mchana kweupe. Wamekufungia ofisi ndio wakuuzie mlango. Usiwalipe hata ndururu."

"Silipi," alisema Bernardine. "Dakika zilizokuwa za salamu silipi. Salamu haiuzwi."

"Sema tena, mama. Na wakija, niite. Nataka kuwaona macho."

Jioni hiyo Bernardine alipiga tena. Sauti ilisema mambo yake, na Bernardine akauliza swali lake. Muziki haukuja. Palikuwa na ukimya, na ndani ya ukimya mtu alikuwa anapumua.

"Sijui," ilisema sauti.

"Hujui nini, mama?"

"Kwetu. Nasema kwetu, kwetu, kutwa nzima. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Namba hii haiko mahali."

Bernardine aliwaza kidogo. Alikumbuka uwanja wa ndege siku walipofika Minnesota, na watu wa kanisa wasiomjua waliosimama pale na blanketi mikononi.

"Basi njoo hapa," alisema. "Tuna kiti."

Muhimu alifika Jumanne, kabla ya chakula cha jioni. Buti zake hazikuwa na theluji. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, sikio moja limebonyea kidogo kwa sababu ya kazi ya simu. Maombi alimfungulia mlango, akamsalimu, akasogeza vitabu vyake kitini. Bernardine alimfunika lile blanketi la uwanja wa ndege na kumpakulia sombe ya majani ya muhogo. Muhimu hakula, ila aliweka uso juu ya mvuke wa sahani na kusema kwamba inatosha.

Tangu siku hiyo namba ya kampuni ikawa na mahali, na mahali penyewe palikuwa jikoni kwa Bernardine. Wapangaji wa majengo yote walioipiga walisikia mtu akipokea papo hapo.

"Simu yako ni muhimu kwetu," Muhimu alisema, na sasa alilisema neno la mwisho akitazama jiko, masufuria na koti la Maombi mlangoni. "Habari za nyumbani? Mmelalaje na baridi hii?"

Hakuweza kutengeneza hita. Lakini aliwasikia wote, kwa hiyo alijua nani ana blanketi la ziada na nani ana mtoto anayekohoa, akawaunganisha. Mzee Sosthène wa ghorofa ya pili alipata makaribisho ya chai kwa watu ambao alikuwa akikutana nao kwenye ngazi bila kuwajua. Philister, akitoka zamu, alipita kila siku kuuliza kama wezi wamekuja.

Walikuja kwa njia ya mtu mmoja tu, fundi wa kampuni ya simu aitwaye Alfred, ambaye alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alisema anasikitika, ametumwa kukata laini kwa sababu ya bili. Philister alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, lakini alipoziona soksi za Alfred, zimetoboka kidoleni, akampisha.

"Kata," Bernardine alimwambia. "Wewe umetumwa. Lakini kawaambie waliokutuma kwamba sikuwalipa, na sitawalipa. Mimi nilisalimu. Wao ndio hawakuitika."

Maombi alimtafsiria neno kwa neno, na mwishoni akaongeza sauti kuliko mama yake.

Alfred alikata waya nje, akaingia kukata na wa ndani. Alikuwa bado ameshika ncha zake mbili, moja mkono huu na nyingine mkono ule, simu ilipolia. Aliziangalia ncha. Akaandika kwamba laini imekatwa, maana ilikuwa imekatwa kweli, akavaa viatu na kuwatakia siku njema.

Muhimu alikuwa amepokea. Alisema maneno yake kama kawaida, akauliza habari za nyumbani, halafu akasikiliza muda mrefu kuliko desturi yake.

"Mama Anicet," alisema, "kuna mtu anasema hana nyumbani. Anauliza kama hapa ni kwa mama yake."

Maombi alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama. Bernardine alifuta mikono kwenye kitenge chake, akakishika kisikio cha simu kwa mikono yote miwili.

"Mama!" ilisema sauti ya mwanamume, nzito, asiyoijua. "Mama, sikiliza haraka, simu ni ya kuazima, dakika zinakwisha, mimi niko..."

"Salimia kwanza," alisema Bernardine.

Hapo mwanamume yule akaanza kulia, na katikati ya kilio akamwamkia mama yake, akauliza amelalaje, dada yake ni mzima, majirani wazuri, baridi ikoje. Alijibiwa yote, moja baada ya jingine, bila kuruka. Na Bernardine akauliza ya kwake. Dakika za simu ya kuazima hazikuisha mpaka walipomaliza. Maombi alipopewa kisikio alimdai lile begi lake la shule.

Mwezi uliofuata bili ilikuja ya laini iliyokatwa, na ndani yake walikuwa wametoza maongezi yale yote. Hita haikuwa imetengenezwa. Bernardine aliikunja bili mara nne, akaichomeka kwenye ufa wa dirisha la jikoni pamoja na zile nyingine, akazisukuma ndani kwa kisu cha siagi mpaka upepo ukaacha kupita.

Mlangoni mwa ile ofisi palikuwa pamebandikwa namba mpya. Nayo haikuwa ya mji wowote. Bernardine alivuta kiti chake, akaipiga, akabonyeza nane.

"Simu yako ni muhimu kwetu," ilisema sauti ya mwanamume, kijana bado.

"Asante, mwanangu," alisema Bernardine. "Umeamkaje? Na kwenu huko ni wapi?"

Muziki ulianza. Muhimu aliinuka bila kuambiwa, akaenda kwa Philister kuazima kiti.