Neno la Muganga Sévère

Nilikuwa na miaka minane siku niliyomsikia muganga Sévère wa kituo chetu cha afya akisema sitafika ishirini. Hakuniambia mimi. Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda changu na mwanafunzi wake wa uuguzi, serumu inaniingia mkononi kwa mrija, akadhani nimelala.

"Hawa ba-SS habafikake miaka makumi mbili," alisema, kisha akageukia kitanda kingine kama mtu aliyetaja bei ya samaki wa ndagala sokoni.

Ugonjwa wenyewe, SS, yaani selimundu, nilizaliwa nao. Chembe za damu yangu hupinda kama mundu, huziba mishipa, na mifupa huuma mpaka nang'ata shuka. Lakini maumivu huja yakaondoka. Neno lile halikuondoka. Kila asubuhi, kwetu Kilibula, nilivuta kope mbele ya kioo kutazama kama macho yamekuwa ya njano. Darasani niliweka vidole shingoni nisikilize moyo. Mguu ukifa ganzi kwa kukaliwa vibaya, nilijua ndiyo mwisho. Nilipofika kumi na tisa, nilienda kituo cha afya mara nne kwa mwezi mmoja, na mara tatu hawakuona kitu.

"Irambona anapenda ugonjwa," Sévère, ambaye sasa ndiye mkubwa wa kituo, alisema mbele ya foleni nzima. Watu wakacheka.

Nilipopata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, nilikataa kwenda chuo. "Miaka mitatu ya masomo, ya nini?" nilimuuliza mama. Aliendelea kuchambua majani ya sombe.

Mwezi wa tano uliofuata, nikiwa kwa mama mdogo Claudette huko Katogota, homa ilinishika kweli, nikapandishwa milimani hadi hospitali ya Lemera. Kwenye kitanda cha jirani alilala mama mmoja aitwaye Marie-Rose, mkulima wa mihogo. Muuguzi akasoma karatasi yake: "SS, miaka arobaini na saba?"

"Arobaini na nane," akasema. "Usinipunguze."

Niliinuka ghafla, mrija wa serumu ukavutika. "Mama, uko SS?"

"Ee. Tangu tumboni. Na niko na batoto babili. Weye ulizani nini?"

Nikamwambia nilichodhani, na nilikokitoa. Hakucheka.

"Benzetu bengi balikufa, sitakudanganya," alisema. "Ndugu yangu alikufa na miaka sita. Lakini muntu gani alimupa huyo ruhusa ya kukukatia siku?"

Nililia, wala si kwa furaha. Miaka kumi na moja! Miaka kumi na moja nimeishi kama mtu aliyefunga mzigo wake akakaa mlangoni angoje kuitwa.

Nilipopona, nilimvuta mama tukaenda moja kwa moja kituoni. Sévère alitabasamu. "Irambona! Leo iko inauma wapi?"

"Leo haiumi. Nilikuwa na miaka minane, ulisema sitafika makumi mbili."

"Miye? Siwezi kumwambia mtoto vile."

"Hukuniambia. Ulisema juu ya kitanda changu."

Akapangusa miwani. "Zamani ndivyo tulivyofundishwa."

"Na ulipofundishwa vingine, mbona hukunitafuta? Kilibula ni mbali? Woga uliniwekea weye mwenyewe, halafu ukanicheka nao mbele ya watu!"

Foleni nzima ikageuka kututazama. Sévère akasema pole, kwa sauti ya chini.

"Pole uliyosema kwa sauti ndogo siichukui," nilimwambia. "Ile ya kwamba napenda ugonjwa uliisema kwa nguvu."

Alisimama. Akairudia mbele ya wote, uso umemwiva kwa aibu, na akasema alikosea. Sikumshukuru.

Njiani nilimuuliza mama kama siku ile naye alisikia.

"Nilisikia. Nilikuwa nyuma ya pazia."

"Mbona hukunieleza kitu?"

"Niliogopa utaniuliza kama ni kweli."

Hasira niliyodhani nimeimaliza kituoni ikapanda upya. Nikatangulia, nikamwacha nyuma mpaka nyumbani. Mwezi wa kumi nilianza chuo, na mama ndiye aliyenipigia pasi blauzi. Nilivaa, nikamwambia asante. Zaidi ya hapo sikuweza bado.