Kiatu cha Kushoto

Nyumba saba za Lahore zilikuwa zimeshakuja kumwangalia Nudrat. Zikanywa chai, zikamwona akivua viatu mlangoni na kuvuka zulia akichechemea, zikaaga. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili tangu kuzaliwa. Nyumba ya nane ilipobisha hodi, mama yake akaja na akili yake: waposaji waalikwe Jumapili kwenye msitu wa Changa Manga. Msituni nani huvua viatu? Fundi akachomeka kipande cha tairi ndani ya kiatu cha kushoto, na Nudrat, mwenye miaka ishirini na tisa, akateremka kwenye kigari-moshi cha msituni akitembea sawasawa. Hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Mama alimkumbusha njia nzima.

Kijana mwenyewe, Waqas, alimuuliza kama anapenda baridi. Akasema anaipenda, huku amejikunyata ndani ya shali, wakacheka wote wawili. Nudrat alifurahi hata akajisahau.

Kumbe mama aliruka majivu akakanyaga moto. Alitandika busati chini ya mforosadi kwa mikono yake mwenyewe, na hakuna mwana wa watu anayekula biriani juu ya busati na viatu miguuni. Nudrat alivua akiwa amekaa, akafunika miguu kwa shali. Viatu vikabaki pembeni, karibu na Bi Tallat, mama yake Waqas.

Bi Tallat aliinua kimoja, akakipima mkononi, kisha cha pili.

"Mwanangu, mbona hiki kizito kuliko mwenzake?"

"Mafundi wa siku hizi, dada," mama alidakia.

"Eeh, mafundi." Bi Tallat akainuka, akaenda hatua kama ishirini, akaviweka juu ya kisiki, akarudi kukaa. "Haya, bibi harusi, kavichukue. Tukuone."

Nudrat alimtazama mama yake. Mama alikuwa anatazama biriani. Basi akainuka, akaenda, huku watu wa busati la jirani wakiacha kutafuna ili wamwangalie vizuri.

"Mama, huyu ukimtuma chai itakufikia nusu kikombe," Waqas alisema, na hakushusha sauti.

Bi Tallat alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akamnyooshea kidole Mehwish, mdogo wake Nudrat wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa akikimbiza mpira peku majanini. "Na yule?"

Nudrat, mkono juu ya kisiki, alingoja mama akatae. Alingoja kwa moyo wake wote.

"Huyo hana kasoro, dada. Si unamwona anavyoruka?" mama alisema. "Mchukue." Halafu akapaza sauti: "Nudrat, viache hivyo viatu, vimeshajulikana. Njoo umlishe mdogo wako halua ya posa, watu wanangoja."

Alirudi peku. Akamega halua, akaitia kinywani mwa Mehwish, ambaye hata hakuwa amejua kilichotokea, na akamchukia kuliko wote waliokaa pale.