Mwisho Saa Sita Mchana

Lori la marehemu baba yao lilikuwa limechakaa hata Marangu nzima ikaliita Bibi Kikohozi. Asubuhi ile ya Jumamosi ndugu wawili walikuwa tayari kuuana kwa ajili yake.

Kampuni moja ya magari mjini Moshi ilikuwa imetangaza: lete gari kuukuu, mradi lifike kwa nguvu zake lenyewe, upunguziwe shilingi milioni tano ukinunua jipya. Kuukuu litapondwa. Mwisho leo, saa sita mchana. Kornel, kitinda mimba, alikwisha uza ng'ombe wote. Fedha zilipelea hizo milioni tano tu. Akizikosa, anabaki na zizi tupu na Bibi Kikohozi wake.

Kaka yake Athanas alisimama katikati ya njia ya kutokea kihambani, shamba la nyumbani kwao, panga mkononi.

"Gari la kahawa ya baba linakwenda kupondwa kama karanga, na wewe unanipigia honi?"

"Shikamoo, kaka. Sasa pisha."

"Shikamoo yako kanywee supu!"

"Umelisukuma mara ngapi wewe? Mgongo wangu umepinda kama ndizi!"

Athanas hakucheka. Panga likapasua bati la mlango, likarudi, likamchana Kornel mkono kuanzia kiwikoni. Kornel akaruka chini na spana kubwa, akamtandika nayo ya taya. Meno mawili yakaruka. Wakagaragara migombani wakiumana kama mbwa, mpaka Kornel akamkalia kaka yake kifuani na kumpiga, na kumpiga tena.

Majirani walitaka kuwaamulia. Mama yao, Anyesi, aliyekuwa akipasua kuni, akawazuia kwa shoka lake. "Mwacheni. Nyumba na vya uani, hata lori, ni vya kitinda mimba."

Alipoachiwa, Athanas akatambaa hadi mpakani, akachuma jani la sale, akalifunga fundo, akamnyooshea mdogo wake kwa mikono miwili yenye damu.

"Nimekosa, mdogo wangu. Tukae tuzungumze."

Mchagga akinyooshewa sale husamehe, hata kama ameuliwa mtoto.

Kornel akatazama jua. Saa nne imepita. Mazungumzo ya ukoo, na mbege juu yake, yangekwisha Jumatano.

"Nitasamehe nikirudi na jipya," akasema, akalipiga jani teke, akapanda, akawasha. Bibi akakohoa, akaitika.

"Kornel! Umekataa sale la kaka yako?"

"Mama, saa sita..."

Shoka la Anyesi likazama kwenye rejeta. Maji ya moto yakamrukia kifuani, hakurudi nyuma. Pigo la pili likang'oa feni. Kornel akaja mbio kumshika. Mpini ukampata mdomoni, akaenda chini. La tatu, la nne, mafuta yakamwagika mpaka miguuni pake.

"Nyanyuka," mama akahema. "Kalipokee sale."

Kornel akaliokota jani topeni, akamwendea kaka yake kwa magoti, akalishika kwa mikono miwili.

Athanas akatema jino la tatu.

"Hilo ni langu," akasema. "Nenda kachume lako."