Spika ya Upande wa Kulia

Breki hakuwahi kununua kitu chenye maswali mengi namna ile. Maisha yake yote aliendesha malori, akastaafu, jina la utani likabaki naye. Sasa alitaka spika mbili tu za sebuleni, na muuzaji akamtoa jasho. Sebule ina upana gani? Sakafu ni zulia au vigae? Anapenda besi nzito au sauti za waimbaji?

"Napenda muziki," Breki akajibu.

"Muziki upi, mzee wangu?"

"Wa kusikiliza."

Muuzaji akacheka, akampa spika za wastani na kumwonya asizisukumie kwenye kona, besi itavimba. Breki akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Hakuelewa hata chembe.

Alichojua ni kwamba mkewe anaondoka kesho. Juzi alisimama mbele yake akamwambia anakwenda kukaa kwa dada yake, kachoka kuishi na gogo. Gogo! Breki akawaza: Mama wa watu hulalamiki, huulizi kitu, mwaka mzima umekaa kimya, halafu gogo ni mimi? Basi akaona amrudishie nyimbo za magitaa walizocheza wakiwa wachumba. Huenda zikambakiza.

Akazipanga spika, akaketi katikati. Ya kushoto iliimba, ya kulia ilinong'ona. Mbovu hii! Akazibadilisha nafasi. Ile mbovu ikapona palepale, na nzima ikaugua. Akajikuna kichwa. Labda ni ukuta: akatundika blanketi. Labda ni dirisha: akalifunga. Labda ni waya, na waya nao akaugeuza. Sebule ikawa karakana, na yeye akazidi kuchanganyikiwa.

Mkewe alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, mkono wa kulia wa mumewe, begi miguuni.

"Mama watoto, hebu kaa hapa kwangu uniambie."

Akakaa, akasikiliza. "Zote zinaimba sawa."

"Haiwezekani!"

"Wewe ndiye usiyewezekana. Geuza kiti basi, uzipe mgongo."

Breki akageuza kiti, na mkewe akarudi kwenye chake. Sasa iliyonong'ona ni ile iliyokuwa ikiimba. Spika hazikuguswa, ukuta ni uleule. Aliyegeuka ni yeye peke yake. Akakirudisha kiti kama mwanzo, taratibu akaziba sikio la kushoto kwa kidole, na magitaa yakazama.

 Akaikumbuka kabini ya lori, dirisha la kulia wazi miaka nenda rudi, upepo na mngurumo vikimpiga upande huohuo. Akamtazama mkewe. Midomo ilikuwa inacheza, lakini sauti haikuja. Akatoa kidole.

"Umesema nini?"

"Nimekuita mara tatu."

"Mimi nilidhani umeninyamazia," Breki akasema. "Mwaka mzima nadhani umeninyamazia."

"Mimi? Nimesema mpaka nimechoka! La mwanao nimekwambia hapahapa. La mguu wangu nimekwambia. Unatazama mbele tu, kama uko barabarani."

"Mguu una nini?"

 Mkewe alisimama akichechemea, akalisukuma begi pembeni, akakiburuta kiti chake mpaka upande wa kushoto wa mumewe, akaketi.

"Haya," akasema. "Naanza upya."

Breki akazima muziki.