Kikao cha Kukosoana

Katika ofisi moja ndogo ya maji huko Wollo, kila robo mwaka wafanyakazi huketi duara na kukosoana. Kikao chenyewe huitwa gimgema: unaanza na makosa yako, kisha unamgeukia mwenzako. Husifiwa kwamba kinasafisha kazi. Mimi nimeona kikiwasafisha watu tu, kuwatoa kazini.

Tsigereda, mwandishi wa vikao, alijua zamu hii anayelengwa ni Demissew, fundi wa visima. Demissew alikuwa amekataa kutia sahihi kwamba kisima kipya kiko tayari, kwa sababu maji yake hayajapimwa. Naye mkuu wao, Bwana Getinet, au Ato Getinet kama walivyomwita, alikwisha kuwatangazia wakubwa zake kwamba watu wanakunywa.

Wiki nzima, kila kahawa ilipomiminwa, Tsigereda alizungumza na wenzake, mmoja mmoja, taratibu. Wanne wakamwahidi watasema kweli.

"Naapa kwa Mariamu, nitasimama," alisema Weyzero Yeshi, bibi wa masjala.

Siku ikafika. Getinet akamsomea Demissew uvivu na ukaidi wake, kisha akauliza, "Nani ana la kuongeza?"

Wale wanne wakaviinamia viatu vyao kana kwamba wamevinunua asubuhi ile. Tsigereda akasimama peke yake.

"Gashe Getinet," akamwita kwa heshima ya kaka mkubwa, "Demissew si mvivu. Ameomba vipimo mara tatu. Barua nimeziandika mimi."

"Kumbe mko wawili!" Getinet akatabasamu. "Basi leo tutawakosoa wote wawili."

Tsigereda alikuwa akilea watoto wawili bila baba, na Demissew alilijua hilo. Akainuka upesi.

"Najikosoa," akasema. "Nimezembea. Zile barua sikuzipeleka. Huyu dada nilimdanganya tu."

"Demissew, wewe! Si ulizipeleka?" Tsigereda akamaka.

"Andika, dada yangu. Andika kama nilivyosema."

Tsigereda angeweza kuiweka kalamu chini. Aliwafikiria wanawe, akaandika. Na kwa kuwa desturi inamtaka mwandishi asome kabla watu hawajatia sahihi, ikabidi asome. Akausoma uongo ule wote kwa sauti yake mwenyewe.

Demissew akaja mezani. Akatia sahihi chini ya maneno yaliyomfukuza kazi, polepole, bila kukosea herufi.

"Mwandiko wako mzuri, dada," akamwambia, akaenda kukusanya vifaa vyake.