Milango Sita ya Shangazi

Shangazi yangu anaishi peke yake katika nyumba yenye milango sita ya nje. Marehemu mumewe alikuwa seremala mzito wa maneno, na kila walipokosana aliomba radhi kwa kutengeneza mlango. Sita kwa miaka thelathini. Wanaume wengine wangehitaji msitu mzima.

Baraza la madiwani likapitisha ada ya taka kwa kila mlango, likidhani kila mlango una familia yake. Karani akaja na chaki, akaandika moja hadi sita. Taka za shangazi ni ndoo moja kwa wiki.

"Ziba mitano kwa matofali, mama," akamshauri. "Mimi sina mamlaka. Sheria ndogo ni ya madiwani."

Shangazi akakosa hata hamu ya chai. Kwake ilikuwa kumzika mumewe mara ya pili. Nami, fundi cherehani, nilipandwa na hasira hadi nikashona mkono wa gauni mahali pa shingo.

"Kama ni ya madiwani, waje waione milango wenyewe," nikasema.

"Hawaji, mwanangu. Tuipeleke."

Siku ya kikao tuling'oa mitano, tukaipakia kwenye mkokoteni, tukaiegemeza ukutani ukumbini. Mlinzi alitaka kututoa. Diwani wetu, fundi viatu tunayemwita Gundi, akamwambia kikao ni cha wananchi wote.

"Mama, hii nini?" mwenyekiti akauliza.

"Walipa ada wenu. Waulizeni wametupa taka gani."

Watu wakavunjika mbavu. Shangazi akaanza kuonyesha. "Huu, alisahau kuja kunipokea stendi. Huu, alimsema mama yangu."

"Na ule mdogo?" mwenyekiti akauliza.

"Huo sisemi."

Gundi akatoa hoja: ilipe kaya, si mlango. Mikono yote ikapanda, hadi wa karani, akaambiwa aushushe kwa kuwa yeye hana kura. Nilipiga vigelegele bila aibu.

Jioni ile ile Gundi alikuja na bisibisi kutusaidia kuirudisha. Mdogo ulikuwa wa mwisho. Shangazi akaufuta chaki kwa kanga yake, akaufungua, akaufunga.

"Huu nilikosea mimi," akasema. "Nikamnunia wiki nzima. Akautengeneza hivyo hivyo."