Mita Sita za Swala

Jovia alikuwa fundi cherehani pale Nyakuron, mwenyeji wa Masaka aliyeingia Juba miaka kumi na miwili iliyopita na mashine moja ya kushonea. Mambo ya picha yalimjia kwa bahati tu. Mteja wake mmoja aliyekuwa akihama mji alimwachia kamera kuukuu, yenye lenzi moja isiyoweza kuvuta kitu karibu wala kukisukuma mbali, na tangu siku hiyo Jumapili zake hazikuwa zile za zamani. Akitoka kanisani anazunguka mitaani kupiga picha: wanawake wakianua nguo, waendesha boda wakijikinga mvua chini ya bango, fundi baiskeli na mikono yake ya grisi. Kibali chake cha kupiga picha alikitia kwenye nailoni na hakikutoka mkobani, maana Juba mtu hainui kamera hivi hivi.

Kila mwaka wapenda picha wa mtaani walifanya mashindano katika ukumbi wa kukodi. Jovia alikuwa ameshiriki mara nne, na mara zote nne alirudi na cheti cha kushiriki. Mwaka uliopita mwamuzi mkuu, mzee Yafesi, aliyewahi kupigia magazeti picha kwa miaka thelathini, hakumficha kitu.

"Picha zako ni safi, mama," alisema. "Lakini zimekaa kwa adabu mno. Hakuna hata moja iliyonifanya nisogee."

Jovia alinuna wiki nzima. Kisha akazitandaza zote juu ya meza ya kukatia nguo, akazitazama, na akaona mzee hakumwonea.

Mwezi wa tano, mvua zilipoanza, jirani yake Lomoro akamletea habari. Lomoro alikuwa dereva wa shirika moja la mtaa wa Hai Amarat linaloshughulika na wanyamapori. Alikulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, na Jovia alimwita Baba Lilly, kwa jina la binti yake.

"Dada Jovia, wiki ijayo mimi iko na safari ya Badingilo. Tunapelekea askari wa hifadhi vifaa. Kiti iko moja, na bosi amekubali. Lakini kuja na kibali yako."

"Kuna nini huko?"

"Wanasema wanyama. Mimi sijaona bado. Miaka tatu nafika kambini, nashusha mizigo, narudi."

Wakavuka daraja la Nile asubuhi na mapema. Kwenye vizuizi viwili Jovia alitoa kibali chake, kikasomwa pole pole, kikarudishwa. Baada ya hapo ikawa barabara ya tope na majani marefu, na Lomoro akisimulia bila kupumua habari za ng'ombe wa shemeji yake.

Kambini walilala, na asubuhi yake wakapewa askari wa hifadhi wa kuwaongoza. Jina lake Kuach, mtu mrefu mkimya aliyesoma Kakuma na kuzungumza Kiswahili cha Kenya. Alikaa mbele, akanyoosha kidole kuelekea upande usio na njia, na baada ya mwendo wa saa nzima akasema, "Zima gari."

Lomoro akazima. Kwanza Jovia hakuona kitu. Alisikia tu, sauti kama ya mvua inayokaribia juu ya mabati, ilhali mbingu ilikuwa kavu. Halafu kile alichodhani ni kivuli cha wingu kikaanza kusogea.

Walikuwa swala. Madume meusi yenye masikio meupe, majike ya rangi ya udongo, na katikati yao nyamera warefu wa mabega. Walitoka upande wa kushoto, pale macho yalipokoma, na kwenda kuishia kulia, pale macho yalipokoma tena. Hawakukimbia. Walitembea kama watu wanaojua waendako. Walipolifikia gari waligawanyika, kama kitambaa kinavyopita pande zote mbili za sindano, wakaungana tena nyuma, karibu kiasi kwamba Jovia aliona tope limeganda kwenye kope zao.

Akapiga picha hamsini kwa pupa, kisha akatazama kwenye kioo cha kamera. Sisimizi. Picha hamsini za sisimizi kwenye majani. Akaishusha kamera, akajikuta analia bila kujua ameanza saa ngapi.

Lomoro alikuwa amevua kofia. Ng'ombe wa shemeji walikuwa wamesahaulika.

"Mimi nilizaliwa nchi hii," akasema kwa sauti ya chini. "Nikakimbizwa mtoto, nikarudi na mvi. Hakuna mtu aliniambia hii kitu iko."

"Na hawa ni wa leo tu," Kuach akasema. "Kesho wanakuja wengine."

Jovia akajifuta uso kwa kanga. Mawazo yake yalirudi kwenye kazi anayoijua. Kitambaa kikiwa chembamba na mteja ni mnene, fundi hafukuzi mteja, anaunga. Akaomba ruhusa, akapanda juu ya paa la gari, akakita miguu, na kuanza kushoto kabisa. Akapiga. Akageuka kidogo, kiasi cha ncha ya picha moja kuingia kwenye nyingine, akapiga tena. Alikwenda hivyo hadi kulia kabisa, picha arobaini na moja, bila kuinua mguu.

Mjini alizichapisha zote kwa ukubwa mmoja. Kwa siku mbili usiku alizipanga kwenye kipande kirefu cha kitambaa cheupe, akioanisha upeo na upeo, jani na jani, kama anavyooanisha maua ya kitenge kwenye mshono. Alipozibandika zote kitambaa kilifika mita sita, kikatoka mlangoni.

Siku ya mashindano mzee Yafesi alivaa miwani, akasimama mbele ya mzigo ule.

"Sheria inasema picha moja."

"Hii ni moja, mzee."

"Mimi naona arobaini na moja." Akainama. "Na huyu dume wa pembe iliyovunjika yuko mara tatu."

"Alikuwa anatembea, mzee. Tulikuwa tunakwenda naye."

Yafesi alitembea hadi mwisho wa kitambaa, akarudi, akatembea tena. Mwishowe akasema kwamba mashindanoni haitaingia, sheria ni sheria, lakini ukuta wa nje una nafasi, na yeye mwenyewe atashika ngazi. Zawadi ilikwenda kwa kijana Robinson, kwa picha ya bibi yake akipepeta mtama, picha nzuri sana. Jovia alimpigia makofi kwa moyo mmoja.

Alasiri Kuach akafika, akimshika mkono shangazi yake, mama mzee aitwaye Nyabol anayekaa Mangateen, kambi ya waliokimbia vita. Macho ya mama yule yalikuwa yamefifia. Alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa ukuta, akaanza kutembea kutoka kushoto, hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Alizungumza kwa lugha yake, na Kuach akatafsiri.

"Anasema alipokuwa msichana wanyama hawa walipita kwao siku tatu. Watu hawakuweza kuvuka kwenda kisimani. Baba yake aliwapa maziwa wanywe badala ya maji."

Hatua nyingine.

"Anasema alidhani vita viliwamaliza. Aliwasimulia wajukuu wake, wakamcheka. Akaacha kusimulia."

Alipofika mwisho Nyabol alipapasa ukuta mtupu, akageuka na kuuliza.

"Anauliza, na baada ya hapa?"

"Mwambie kitambaa kiliisha," Jovia akasema. "Wao hawakuisha."

Mama akacheka, cheko fupi la msichana, akamshika Jovia mkono na kusema jambo jingine, naye Kuach akatafsiri. Alitaka wajukuu waone.

Jumamosi iliyofuata Lomoro alimpeleka Jovia Mangateen. Kitambaa kilifungwa kwenye uzio wa mabati, na watu wakaanza kuja wakidhani ni tangazo. Wajukuu wa Nyabol walisimama mbele, vinywa wazi. Wazee wawili waliokuwa wakicheza bao waliinuka kuja kuangalia, na baada ya dakika tano walikuwa wakibishana kwa ukali picha hii ilipigwa upande gani wa mto, mmoja akichora mto mavumbini kwa fimbo, mwingine akiufuta kwa kiatu na kuuchora upya. Nyabol alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya wote, akisimulia toka mwanzo, na hakuna aliyemkatiza.

Kamera ilikuwa shingoni mwa Jovia. Hakuigusa. Alitafuta nafasi chini, miongoni mwa watoto, akakaa kusikiliza lugha asiyoijua.